Laki Moja kwa Kilo, Nailoni Ikiwemo

Mimi nina ombi dogo. Yule anayepanga bei ya viungo hapa Kigoma naomba nimpate tukae naye jamvini, tuzungumze. Simtukani, wala sigombi. Nataka anieleze taratibu, kile kipakiti cha nailoni kinachoning'inia mlangoni mwa duka, kilichochomwa mdomo kwa mshumaa, kinauzwa mia mbili kwa sababu gani. Ndani naona iliki saba, na mbili kati ya hizo ni maganda matupu.

Utasema mia mbili ni nini, mzee mzima unalalamikia mia mbili. Ndivyo walivyotuwezea hivyo! Siku nyingine nikavikomba vipakiti vyote alivyokuwa amevinunua mama watoto kwa ajili ya pilau, nikateremka navyo mwalo wa Kibirizi kwa mshikaji wangu anayeuza dagaa. Nikamwambia, ndugu yangu, nipimie mzigo huu. Akaweka vipakiti kumi kwenye sahani ya mzani. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi kulala. Ule mzani umezoea dagaa, haujui upuuzi. Wapakuzi wakaanza kuulizana kama nimeleta dawa za mganga.

Sikukata tamaa. Nikapanda hadi Mwanga, hapahapa mjini, kwa shangazi mmoja anayeoka keki za harusi, maana ana mzani mdogo wa betri. "Shikamoo shangazi, naomba unipimie." Vipakiti kumi, gramu 20, nailoni zake zikiwemo. Sasa fanya hesabu mwenyewe: shilingi 2,000 kwa gramu 20 ni laki moja kwa kilo. Laki moja! Na nailoni ninayo nyumbani ya kutosha, sikuja kununua nailoni.

Mwenye duka nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa kwamba Kigoma ni mbali. Hilo nalo jibu? Enzi za misafara, watu walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi hapo Ujiji, miezi na miezi, mzigo kichwani. Stanley mwenyewe alifika namna hiyo mwaka 1871 akamkuta Livingstone. Reli ikatufikia mwaka 1914. Zaidi ya miaka mia treni inapiga honi hapo stesheni, lakini iliki ya Muheza kule Tanga bado ina bei ya mtu aliyetembea kutoka pwani huku anachechemea. Na tangawizi je? Tangawizi inalimwa mkoani kwetu, haijapanda treni yoyote, ila ukiitaka ya unga kwenye kikopo utaambiwa hiyohiyo: mbali.

Unga sasa ndio umeniua kabisa. Mimi kiungo cha unga sikiamini tena, hata kiwe kimefungwa na sheikh. Binzari ya manjano ukiisaga ni ya njano, na unga wa mahindi ukiutia rangi ni wa njano, basi hapo wewe na macho yako mtajuana wenyewe. Tulinunua moja, mchuzi ukawa mzito vizuri, ukapendeza, harufu hamna. Tumepika uji wa samaki bila kujua. Pilipili manga ya kusaga usiiseme, humo utakuta na mbegu za papai zilizokaushwa, na mlaji anakohoa kwa heshima tu ili asimwaibishe mwenye nyumba.

Ndiyo maana siku hizi naenda Mwanga sokoni mwenyewe, kwa wale wanaouza kwenye ndoo na magunia yaliyo wazi, wanaopima kwa mzani na siyo kwa huruma. Vizima vitupu. Sinunui kitu nisichoweza kukitazama usoni. Iliki nachagua za kijani, zilizojaa, mdomo umefunga. Ile iliyopauka na kupasuka imeshatoa harufu yake yote huko njiani, kwangu inakuja kumalizia likizo. Napasua moja. Mbegu ziwe nyeusi, zinate kidoleni. Karafuu nabonyeza kwa ukucha kwenye kichwa. Ikitoa mafuta, hiyo ni karafuu, isipotoa, mafuta yameshauzwa kwa mtu mwingine. Na iwe na hicho kichwa, jamani, siyo nipimiwe makonyo, vile vijiti vyake, niambiwe ndiyo Pemba yenyewe. Pilipili manga natafuna. Mbegu ya papai ukiitafuna inajaribu ukali ikaishia uchungu, pilipili manga inakujibu.

Muuzaji wangu, dada mmoja mpole sana, alinivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Baba, leo unanunua au unakagua?"

"Nakagua nikanunue."

"Umeshatafuna pilipili manga za mia tano."

Haya. Nikanunua robo ya binzari nyembamba, robo ya pilipili manga, mdalasini wa kuvunja, na iliki kidogo kwa jicho kali. Nikapiga hesabu kwa kulinganisha na vipakiti, nikakuta nimelipa kama nusu. Nusu! Na vitu vinanukia mpaka kwenye bajaji dereva akaniuliza nyumbani kuna shughuli gani. Nikamwambia hakuna shughuli, tunakula tu kama watu.

Lakini mwanaume ukifanya jema nyumbani, huwa unaongezewa kazi. Viungo vizima lazima vikaangwe kidogo kwenye kikaango kikavu, vitwangwe. Kinu kilikuwa kimekaa nyuma ya mlango miaka, sasa kimefufuka, na mwenye kukifufua ndiye anayetwanga. Natwanga kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Watoto wananihesabia.

Tena nisisahau simu. Mama watoto anatazama mapishi kwenye simu usiku, asubuhi ananikabidhi karatasi. Kuna vitu humo hata muuzaji wa Mwanga anavisoma mara mbili. Eti vya kupikia samaki wetu mgebuka! Nikamwambia, mama, bibi yangu kule Ujiji alimpika mgebuka kwa mawese, nyanya, kitunguu, chumvi na pilipili mbuzi moja inayoelea nzima bila kupasuka, na watu walilamba sufuria. Mgebuka wa mawese ukimmwagia mdalasini umemdhalilisha. Hivyo viungo vyao ni vya pilau na biriani na chai, samaki wa ziwa hili muacheni na mawese yake. Akaniambia bibi hakuwa na bando. Nikanyamaza, ningejibu nini?

Basi tukashauriana na majirani, tuchange, tununue kilo kwa kilo kwa bei ya jumla, tugawane. Wazo zuri ukilisikia. Siku ya kugawa, mzani ukawa ule wa shangazi wa keki, na kila mtu amesimama juu yake ameinama kama anasoma matokeo ya mtihani. Jirani mmoja akadai iliki zake ni ndogondogo. Mwingine hakuchanga kabisa, ila kila jioni anamtuma mtoto: "Shikamoo. Mama anaomba iliki mbili." Mbili tu. Mtoto ana adabu, unamnyima vipi? Kwa hizo mbilimbili ameshakula robo yangu, na pilau lake linanukia kuliko langu.

Kilichobaki ni ndugu wa Dar es Salaam na Tanga. Hawa kila mwezi wanapiga simu, shikamoo kaka, tunaomba dagaa wa Kigoma, wale wenyewe, wasio na mchanga. Nikatangaza sheria mpya: dagaa hawapandi basi mpaka iliki na karafuu zipande kuja huku. Binamu wa Tanga akakubali haraka, akacheka, akasema huku kwetu iliki ni jambo dogo. Nikamfungia dagaa kilo mbili safi, nikawapakia.

Jana mzigo wake ukafika. Boksi zuri, limefungwa gundi pande zote. Nikalifungua mbele ya familia nzima. Ndani, pilau masala ya unga, vipakiti sita, vimechomwa mdomo kwa mshumaa.