Dada Yangu Alipewa Vidonge, Hakupewa Maelezo

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu kliniki moja hapa Nairobi, anakojiandaa kupandikizwa kiinitete kilichogandishwa, yaani yai lililokwisha kurutubishwa maabara. Alitoka na karatasi moja tu: vidonge vya estrojeni na projesteroni ya kuweka ukeni, homoni za kuandaa mji wa mimba, pamoja na tarehe ya kurudi iliyozungushiwa wino mwekundu. Nilipomuuliza daktari kwa nini wasifuate mzunguko wake mwenyewe, ilhali hedhi yake haikosei tarehe, alinijibu kwamba hivyo ndivyo wanavyomfanyia kila mtu. Dada yangu ana miaka 38, na mama yetu alipatwa na presha katika mimba zake mbili. Jibu hilo limenikosesha usingizi.

Yai linapopevuka na kutoka, huacha kwenye ovari tezi ndogo ya manjano inayotoa projesteroni na pia relaxini, homoni inayosaidia mishipa ya damu kutanuka ili mwili uubebe mzigo wa mimba. Kwa njia ya vidonge yai halipevuki, kwa hiyo tezi hiyo haiundwi. Projesteroni hufidiwa kwa dawa, lakini relaxini haifidiwi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha tena na tena kwamba wanaoandaliwa hivyo hupatwa zaidi na presha ya ujauzito, ikiwemo ile inayotangulia kifafa cha mimba, kuliko wanaofuata mzunguko wao. Presha hiyo haimwachi mtoto salama, kwa maana kondo la nyuma lisipopata damu ya kutosha, yeye hudumaa tumboni au hulazimika kutolewa kabla ya siku zake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba vidonge vina mahali pake. Mwenye hedhi isiyotabirika huvihitaji, na mzunguko wa asili hudai skani za mara kwa mara, jambo zito kwa anayepanda matatu alfajiri kutoka Kitengela. Wala sipingi kugandisha kwenyewe, ambako tangu mtoto wa kwanza wa njia hiyo azaliwe Australia mwaka 1984 kumewapa wengi watoto, ingawa baadhi yao huzaliwa na uzito mkubwa kuliko kawaida. Ninachodai ni kwamba mwanamke aelezwe njia zote mbili kabla ya kuandikiwa dawa.

Jana usiku dada alinipigia simu. Vidonge bado hajavifungua. Ameandika maswali matano nyuma ya karatasi ileile, na la mwisho linahusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo mwenye hatari ya presha huanzishiwa kabla ya wiki ya 16. Kesho saa mbili asubuhi tunarudi pamoja.