Mafaili ya Wateja

Kwa miaka miwili nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta ya duka moja la steshenari mjini Chake Chake, nikitoa kopi, nikiskani vyeti na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na katika muda wote huo sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniuliza faili lake litabakia wapi baada ya yeye kuondoka. Lilibakia pale pale. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, cheti cha kuzaliwa, hati ya talaka, karatasi ya daktari, vyote vilikaa katika folda moja, na yeyote aliyekalia kiti kile aliweza kuifungua.

Ni rahisi kuuita huo uzembe, lakini mimi nilikuwa na sababu ya kutofuta. Mama mmoja alikuja kutoka Micheweni na cheti cha mwanawe kilichorowa mvua hadi maandishi yakafifia. Nikatafuta jina, nikamtolea nakala, akaniombea dua mbele ya wateja wote.

Mwaka 1986 Richard Mason, mtaalamu wa Marekani wa mifumo ya habari, alitaja mambo manne yanayozusha masuali ya kimaadili katika zama hizi: faragha, usahihi, umiliki na ufikiaji. Usahihi haukunisumbua sana, kwani waliotaka nipunguze mwaka mmoja katika tarehe ya kuzaliwa walikuwa wanataka kughushi tu, na kuwakatalia hakukunikosesha usingizi. Kilichonishinda ni faragha na ufikiaji, maana kila nilipomrahisishia mmoja kulipata faili nilikuwa nimemfungulia na mwengine mlango.

Siku moja alikuja ami wa msichana mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akataka kitambulisho cha mtoto wa ndugu yake ili amuombee kazi. Sikuona namna ya kumwambia kuwa hana ruhusa, nami nina umri wa wanawe. Kwa haraka nikamtumia kwa WhatsApp kila kilichokuwa chini ya jina lile, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya daktari ambayo msichana hakuwa amemuonesha mtu yeyote nyumbani kwao. Alipokuja dukani hakupiga kelele. Aliniuliza tu nani aliyenipa ruhusa, na sikuwa na jibu.

Wako wanaosema kuwa faragha ni jambo la wageni, na kwamba baina ya jamaa hakuna siri. Sikubaliani nao. Aya ya 27 ya Surat An-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na hapa kwetu hata ndugu wa damu hupiga hodi akasubiri kujibiwa. Ami yule asingeingia chumbani kwa msichana bila ya hodi. Mimi ndiye niliyemuingiza.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Kijana anayelipwa kwa siku katika duka la kopi hajaisoma, na nadhani hata tajiri wake. Kwa maoni yangu inatosha aanze na haya: faili lihamishiwe kwenye flashi ya mwenyewe, lifutwe mbele yake, lisibakie hata kwenye kapu la taka la kompyuta, na anayetaka kuwekewa aseme mwenyewe, akija mtu mwengine kulitaka, hata akiwa mzazi, mwenyewe apigiwe simu kwanza.

Tajiri wangu aliniruhusu kufanya hivyo kwa shingo upande, akihofia kuwa wateja watahamia duka la pili. Haikupita wiki, mama wa Micheweni akarudi akitaka nakala nyengine ya cheti kile. Nilimwambia kuwa nimekifuta. Alinitazama kwa muda, akauliza ofisi ya usajili inafungwa saa ngapi, na safari ile hakuniombea dua.