Migongano ya sarufi: tuhesabu au tusome?

Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, akiandika "kilo elfu ishirini na tano", mtu yeyote wa Mtwara au Lindi atasoma 25,000. Maneno hayohayo, bila kuvunja kanuni yoyote ya Kiswahili, yanaweza pia kusomeka 20,005. Tofauti ni kilo 4,995 za korosho. Sisi hatusiti kwa sababu tumezoea. Kompyuta haina mazoea. Ina kanuni tulizoiandikia, na kanuni zikiruhusu njia mbili lazima mtu au programu ichague moja.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya mjadala unaoendelea kati ya vijana wawili wa Mtwara mjini, mmoja wa Shangani na mwenzake wa Chikongola. Wanaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kizalishi kidogo cha vichanganuzi: unakipa kanuni za sarufi, nacho kinakupa programu ya kusoma maandishi yanayofuata kanuni hizo. Kazi ya kwanza waliyokipangia ni kusoma kiasi kilichoandikwa kwa maneno kwenye hati za mazao na kukilinganisha na tarakimu zilizo pembeni. Wanataka kizalishi chao kitoe ripoti kwa Kiswahili. Wamekwama kwenye swali moja: watajuaje kuwa kinagundua migongano ya sarufi, yaani mahali kanuni zinaporuhusu njia mbili, na kuieleza inavyotakiwa? Wa Shangani anasema majaribio yahesabu migongano, basi. Wa Chikongola anasema majaribio yasome ripoti yenyewe, neno kwa neno.

Sarufi wanayobishania, ikipunguzwa, ni hii (mstari wima husomwa "au"):

kiasi : ELFU chini | ELFU chini NA chini ;
chini : MOJA | KUMI | KUMI NA MOJA ;

Tokeni ni kipande kimoja cha maandishi, hapa neno moja: MOJA ni tokeni ya moja hadi tisa, KUMI ni ya kumi, ishirini, thelathini hadi tisini. Kichanganuzi kikishasoma "elfu ishirini" na kuona "na" mbele yake, kina njia mbili. Kinaweza kuendelea kusoma, kikitegemea "tano" ije ikamilishe ishirini na tano; hiyo ndiyo shifti. Au kinaweza kuifunga ishirini peke yake na kuichukua "na" kama kiungo cha kiasi kingine. Hiyo ni ridyusi. Njia zote mbili ni halali, kwa hiyo pana mgongano mmoja wa shifti na ridyusi.

Tatizo hili ni la zamani. Donald Knuth alieleza mwaka 1965 uchanganuzi wa LR, unaosoma kutoka kushoto na kuamua kila hatua kwa kutazama jedwali. Frank DeRemer akaleta mwaka 1969 namna ya kuzipunguza jedwali zake, inayoitwa LALR, na katika miaka ya 1970 Stephen Johnson wa Bell Labs akaandika Yacc, kizalishi cha vichanganuzi, juu ya msingi huo. Yacc iliweka desturi ambayo Bison, kizalishi kilichofuata nyayo zake, imeirithi: shifti ikigongana na ridyusi, shifti inashinda, ridyusi mbili zikigongana, kanuni iliyoandikwa kwanza inashinda. Mwandishi anapewa onyo lenye idadi, na kazi inaendelea.

Hoja ya kuhesabu ina nguvu, na wanaoibeza hawajaifikiria vya kutosha. Kwanza, idadi ni jambo la hakika. Ukishajenga jedwali, kila hali (yaani hatua ambayo kichanganuzi kimefikia) pamoja na kila tokeni inayofuata ama ina kitendo kimoja ama zaidi. Huwezi kusema hivyo kuhusu utata wa sarufi wenyewe, yaani sentensi moja kuwa na maana mbili: imethibitishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwa hakuna algorithimu inayoweza kuamua kwa kila sarufi huru-muktadha, yaani ya aina kama hii yetu, kama ina utata au haina. Mgongano unahesabika, utata, kwa ujumla wake, hauamuliki. Jaribio linalosimama juu ya kinachohesabika lina msingi.

Pili, idadi inakupa wa kulinganisha naye. Vijana hawa wanaweza kuipeleka sarufi ileile kwa Bison, wakaangalia kama Bison nayo inasema mmoja. Maandishi hayalinganishiki hivyo, kwa sababu ripoti zao ni za Kiswahili na namba za hali hutegemea tu mpangilio wa kuzijenga. Hapa pana tahadhari moja: Bison huhesabu kwa hali, na jedwali kamili la LR(1), yaani LR inayoangalia tokeni moja mbele, huzigawa hali ambazo LALR huziunganisha, kwa hiyo sarufi moja inaweza kutoa idadi mbili tofauti bila yeyote kukosea. Kabla ya kulinganisha, wahakikishe pande zote mbili zinajenga jedwali la aina moja.

Tatu, idadi haichoki. Ripoti nzima ukiihifadhi kama faili la kulinganishia, kuongeza kanuni moja kunaweza kubadilisha namba za hali zote, na jaribio likaanguka ingawa hakuna kilichoharibika. Mtu akizoea kuona majaribio yakianguka bure, huanza kuyakubali mabadiliko bila kuyasoma. Miradi mikubwa hutumia idadi bila kuona haya: sarufi ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina tamko la %expect 0, likimaanisha kuwa mgongano wowote utakaojitokeza utaisimamisha kazi pale pale.

Sasa nije upande wa pili, ambao kwangu ndio wenye kina zaidi.

Tuseme vijana wameandika %expect 1 na jaribio limepita. Shifti imeshinda, "elfu ishirini na tano" inasomeka 25,000, kila mtu ameridhika. Sasa andika "kilo elfu ishirini na thelathini", yaani 20,030. Kichanganuzi kinasoma elfu, kinasoma ishirini, kinaiona "na", na kwa kuwa shifti ndiyo iliyoshinda, kinaimeza. Kuanzia hapo kinangoja tokeni ya MOJA tu. Inakuja KUMI. Kosa la sintaksia! Sarufi waliyoiandika inairuhusu sentensi hiyo. Jedwali lililozalishwa linaikataa. Hesabu bado ni moja, kama ilivyotarajiwa.

Sarufi hii ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuimaliza kwa kalamu. Inatoa mifuatano 11 tofauti ya tokeni, mmoja kati yake ukiwa na maana mbili. Baada ya shifti kushinda, miwili inakataliwa: ELFU KUMI NA KUMI, na ELFU KUMI NA KUMI NA MOJA. Hayo si maandishi ya kutafuta kwa tochi. Ghala lenye mzigo wa kilo 20,030 au 20,035 ni jambo la kawaida kabisa msimu wa korosho.

Mambo yanazidi kuwa mabaya mtu akitaka onyo liondoke. Anaipa tokeni KUMI kipaumbele cha chini na NA cha juu. Bison inaona kipaumbele, inachagua shifti bila kusema kitu, na hesabu inashuka hadi sifuri. Sasa hata %expect 0 inapita, na 20,030 bado inakataliwa. Habari za mgongano uliotatuliwa kwa kipaumbele zimo kwenye ripoti ndefu ukiiomba izieleze, lakini jaribio linalohesabu tu halifiki huko. Kutegemea idadi peke yake ni sawa na kuhesabu magunia ghalani bila kufungua hata moja kuangalia daraja.

Idadi pia haina anwani. Ukiondoa mgongano mmoja kwenye kanuni za bei na ukaleta mwingine kwenye kanuni za uzito, jumla haibadiliki, na jaribio halioni chochote. Ndiyo maana Bison yenyewe haikuishia kwenye namba. Faili lake la majaribio ya migongano hulinganisha maandishi ambayo programu inatoa, si jumla peke yake. Na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2020, Bison inaweza kutoa mfano kinzani: sentensi halisi ya tokeni, ikiwa na nukta mahali mgongano ulipo, pamoja na njia mbili za kuichanganua. Kazi hiyo inatokana na utafiti wa Chinawat Isradisaikul na Andrew Myers wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 2015. Kwa sarufi yetu ingekuonyesha ELFU KUMI, nukta, NA MOJA, na miti yake miwili, yaani michoro ya njia hizo mbili. Mtu asiyejua hali namba tano ni nini ataelewa mara moja kuwa 25,000 inagombana na 20,005. Kwa kizalishi kinachokusudia kuzungumza Kiswahili na watu wasiosomea kompyuta, naona huo ndio moyo wa kazi yote.

Hata hivyo sikubaliani na wa Chikongola anaposema ripoti ilinganishwe neno kwa neno. Ujumbe wa Bison hutafsiriwa kulingana na lugha ya mashine, kwa hiyo jaribio lililopita kwenye laptop moja linaweza kuanguka kwenye nyingine iliyowekewa lugha tofauti, mpaka mazingira yalazimishwe kuwa ya aina moja. Na utafutaji wa mfano kinzani una kikomo cha muda. Muda ukiisha, programu hutoa mfano dhaifu zaidi: sentensi mbili zinazofanana hadi kwenye nukta na kuachana baada yake. Kwenye sarufi kubwa, mashine ya chuo inaweza kupata mfano kamili wakati laptop ya zamani ya mtumba imeishia kwenye ule dhaifu. Ukilinganisha maneno, utakuwa unapima kasi ya mashine huku ukidhani unapima kizalishi.

Tena, si kila mgongano ni utata. Sarufi inaweza kuwa na maana moja kwa kila sentensi na bado ikagongana kwa sababu kichanganuzi kinaangalia tokeni moja tu mbele. Ridyusi mbili pia zinaweza kugongana kwa sababu tu LALR imeunganisha hali ambazo LR(1) kamili ingezitenganisha. Ripoti inayomwambia mwandishi "sarufi yako ina utata" katika mazingira hayo inampoteza. Kwa hiyo majaribio yawe na sarufi za namna hiyo kwa makusudi, na yahakikishe ripoti haitamki neno utata pasipo kuwa na miti miwili mkononi.

Wapo wanaosema ugomvi wote huu unaisha ukihamia PEG, mbinu ya Bryan Ford ya mwaka 2004, ambayo machaguo hujaribiwa kwa mpangilio na la kwanza kufaulu ndilo linalochukuliwa. Python ilihamia huko katika toleo la 3.9. Kwa mfano wetu PEG inaweza kusoma vizuri 25,000 na 20,030 pia. Lakini ukiweka KUMI mbele ya KUMI NA MOJA kwenye kanuni, na "ELFU chini NA chini" mbele ya "ELFU chini", "elfu ishirini na tano" inageuka kuwa 20,005 bila onyo lolote. Kwenye maandishi yanayohusu malipo ya mkulima, napendelea chombo kinachopiga kelele.

Kuna jaribio ambalo hakuna kati yao aliyelipendekeza, na kwa maoni yangu lingewatosheleza wote wawili. Algorithimu ya Jay Earley ya mwaka 1970 inachanganua sarufi yoyote huru-muktadha, yenye utata au isiyo nao, na inaweza kutoa miti yote. Ni fupi kuiandika kwa Python. Kizalishi kikitoa mfano kinzani na kudai una maana mbili, mpe Earley sentensi ile. Asipopata miti miwili, ripoti ni ya uongo na jaribio linaanguka, vyovyote maneno yake yalivyopangwa. Kisha zalisha mifuatano yote mifupi ya sarufi, pitisha kila mmoja kwenye jedwali na kwa Earley, na uorodheshe ile ambayo Earley anaikubali na jedwali linaikataa. Orodha hiyo ingeikamata 20,030 siku ya kwanza, hata baada ya mtu kuuficha mgongano kwa kipaumbele. Mfano kinzani peke yake usingeikamata, kwa sababu unaonyesha sentensi inayogombaniwa na kunyamaza kuhusu ile iliyopotea.

Idadi ningeibakiza, ila kama kengele ya mlangoni: ikibadilika, mtu aangalie. Maneno ya ripoti ningeyapima kwa mambo machache tu, yaani tokeni zinazogombana zimetajwa, kanuni zinazohusika zimetajwa, na uamuzi uliochukuliwa umesemwa. Hilo la mwisho ripoti nyingi hulisahau, na ndilo linaloamua fedha za mtu. "Nimechagua kuendelea kusoma, kwa hiyo elfu ishirini na tano ni 25,000" ni sentensi ambayo hata katibu wa chama cha msingi anaweza kuikubali au kuikataa.

Na yeye ndiye wa kuulizwa. Sentensi za majaribio zilizotungwa mezani na waandaaji programu zitafuata sarufi waliyokwisha kuifikiria. Makarani wa Tandahimba, Newala na Ruangwa wanaandika "elfu mbili mia nne", "laki na nusu", "elfu ishirini kasoro kumi". Ziombwe hati za msimu uliopita, majina yafutwe, maneno yabaki, na kila kiasi kipitishwe kwenye kizalishi kabla ya minada ya Oktoba kufunguliwa.