Lipia Uso wa Gitaa, Si Mgongo

Mtu akienda kwa fundi kuagiza gitaa, aghalabu swali lake la kwanza ni mgongo utakuwa wa mti gani. Anataka ile mbao ya rangi ya damu ya mzee, yenye michirizi myeusi, ya jamii moja na mpingo, na kwa hiyo yuko tayari kuongeza pesa nyingi. Kwa maoni yangu, pesa hizo zinakwenda pasipo.

Sauti ya gitaa lisilo la umeme hutoka zaidi kwenye uso, yaani ule ubao mwembamba wenye tundu. Mara nyingi huwa wa sprusi, mti wa ukoo wa msonobari, au wa mwerezi. Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa. Unautikisa uso kupitia daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya uso, na uso ndio unaosema. Antonio de Torres, fundi Mhispania ambaye umbo la magitaa yake bado linafuatwa katika gitaa la klasiki, alitaka watu walione hilo. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye uso wa mbao safi, kisha mgongo na mbavu akazifanya kwa karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Gitaa hilo bado lipo katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona.

Miaka zaidi ya 150 baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyoundwa sawasawa, yakitofautiana mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuweza kuona wameshika lipi. Alama walizotoa zilikaribiana mno, mti ghali kwa mti rahisi.

Sasa fundi analipwa kwa lipi? Kwa randa yake. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene mara unene mara unene: punguza unene kutoka milimita 3 hadi 2.7, na ugumu unashuka kwa zaidi ya robo. Wakati huohuo, mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja hazilingani ugumu. Kiwanda, kwa kuwa kinatoa magitaa mengi, hupitisha mbao zote kwenye kipimo kimoja, tena hubakiza unene wa ziada ili gitaa lisirudishwe limepasuka. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa takriban kilo 70 au zaidi, kwa hiyo silaumu tahadhari hiyo. Ila fundi anaukunja ubao kidogo kwa vidole, anaugonga na kuusikiliza, anapitisha randa, anaugonga tena. Akishagandisha fito za ndani zinazouimarisha uso, anazichonga na zenyewe kwa patasi, huku akitafuta pale uso unapokuwa mwepesi bila kuwa dhaifu. Kazi hiyo haionekani hata ukichungulia tunduni kwa tochi, na ndiyo maana ni vigumu kuiuza kuliko mgongo unaong'aa.

Wapo mafundi wazuri watakaobisha kwamba mgongo nao una neno lake. Unalo, dogo. Tena mbao hizo zina usumbufu wake: tangu mwanzoni mwa 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Dalbergia, ndiyo jamii ya mpingo, iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa baadaye vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti.

Si kila gitaa la fundi ni zuri, lazima niseme. Uso uliokonda kupita kiasi huvimba nyuma ya daraja, na bei kubwa haiuzuii. Ndiyo maana ningependa kupiga gitaa la fundi huyo lenye miaka kadhaa kabla sijaagiza langu, na ningemuuliza shingo ameiunganishaje. Miaka ikipita, mvuto wa nyuzi hupindisha mwili kidogo kidogo, na nyuzi huinuka juu ya ubao wa vidole hadi kidole kinauma. Shingo iliyogandishwa kwa gundi ya ngozi huachia kwa joto na mvuke, ikarekebishwa pembe na kurudishwa. Kwa shingo inayoweza kung'olewa ningeongeza pesa bila kubishana, kuliko kwa nakshi yoyote ya kuzunguka tundu.