Kwenye jukwaa Kifaransa, kwenye sahani Kiswahili

Alhamisi nilitoka darasani Katuba saa kumi jioni, chaki bado iko kwenye suruali, nikapanda basi la mjini kwenda kusoma mashairi. Mwalimu anayeandika huishi hivyo hapa Lubumbashi. Asubuhi unasahihisha vitenzi vya watoto wa watu, jioni umekaa kati ya wachoraji na wapiga picha, unaulizwa maoni juu ya kitabu ulichokimalizia ndani ya basi. Pesa haipo, hilo tulimalize hapa hapa: jioni hizo hunilipa soda, sambusa mbili na, wenyeji wakiwa na moyo, nauli ya kurudi.

Kinachoniuma ni kingine. Jioni ile tulikuwa wasomaji watano na sote tulisoma kwa Kifaransa. Tulikaribishwa kwa Kifaransa, tukaulizwa maswali kwa Kifaransa, na kijana mmoja aliyepewa maikrofoni alitumia nusu ya muda wake kuomba radhi kwa Kifaransa chake. Kisha tukaambiwa twende uani tupate kinywaji.

Uani ndiko mji ulikokuwa. Mchoraji mmoja, yaya (yaani ndugu mkubwa) wetu sote pale, alianza kusimulia kazi aliyopewa na familia fulani: awachoree marehemu baba yao, na picha yake hata moja hawana. Achore kwa kusikia tu. Akichora pua ya mtoto wa kwanza, wa pili anasema hapana, hiyo ni pua ya mjomba. Akiifuta, mjane analia kwamba ile ya kwanza ndiyo yenyewe. Mara ya nne aliamua kumvisha marehemu kofia na kumgeuza uso upande. Wakalipa, wakashukuru! Watu walicheka mpaka soda zikamwagika, na yote hayo yalisemwa kwa Kiswahili, kile chetu, kilichochanganyika na kila kitu. Niliporudi nyumbani sikukumbuka mstari hata mmoja wa mashairi, yangu yakiwemo. Ile pua ninayo mpaka leo.

Sisemi Kifaransa kifukuzwe. Mimi ndicho nafundisha, ndicho kinaniletea bukari, ugali wetu, mezani. Ila najiuliza kwa nini msanii anayejua kusimulia namna ile hupoa kama chai akipanda jukwaani.

Mwaka 1965, Elisabethville ikiwa haijaitwa bado Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi. Kichwa cha maandishi yake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, nadhani ili kipite mlangoni bila kuulizwa. Ndani amejaza Kiswahili cha uani. Maandishi hayo yako kwenye intaneti. Nilichapisha kurasa nne kwa pesa yangu, nikazipeleka darasani.

Wanafunzi walizitazama kimya, wakasema hawaelewi kitu. Ni kweli, Yav hakujali sana wapi neno linaanza na wapi linaisha. Nikamwomba msichana wa dawati la nyuma asome kwa sauti, polepole, asitazame nafasi kati ya maneno. Alijikwaa mistari miwili. Wa tatu ukatoka mzima, na mvulana wa dirishani akadakia: "Mwalimu, huyu anasemaka sawa vile nkambo yangu!" Nkambo ni babu au bibi. Saa ile sikufundisha sarufi tena.

Wala Yav hakuwa peke yake. Tshibumba Kanda Matulu alipochora historia ya nchi yetu miaka ya 70, picha 101, alimweleza mtafiti Johannes Fabian picha baada ya picha kwa Kiswahili cha hapa. Kundi la Mufwankolo lilijenga jina lake kwa michezo ya kuigiza ya Kiswahili hicho hicho. Basi tusiambiane kwamba lugha hii haiwezi kubeba mambo mazito. Ilishayabeba, na waliobebesha hawakuwa na diploma yangu.

Wenzangu hunijibu kwamba Kiswahili chetu si Kiswahili bora, kwamba wa Dar es Salaam watatucheka. Hapo wananishika, nakiri, maana hata haya naandika kwa Kiswahili bora, na nikimsomea mama yangu ataniuliza nimekuwa padri lini. Tuandike njo au ndjo? Shi au si? Tumekaa mikutano miwili tukibishana herufi hizo, hatukuandika hata ukurasa. Yav hakungoja mkutano. Mimi nadhani woga wetu hautokani na Dar es Salaam. Unatoka karibu zaidi: tunaogopa kwamba tukisoma kwa lugha ya mama muuza mkaa, mama muuza mkaa ataelewa, na atatuambia shairi ni baya. Kifaransa kina uzuri wake huo, kinakuficha. Nimejificha humo miaka mingi, na watu wamenipigia makofi.

(Halafu kuna suala la saa. Jioni za mjini zinaanza giza likikaribia, na hakuna mzazi wa Katuba atakayemruhusu binti yake arudi usiku kwa sababu ya shairi. Jumamosi mchana ingetosha, uwanjani kwa shule, viti tunavyo.)

Nimealikwa tena mwezi ujao. Nimejibu kwamba nitasoma mashairi mawili, moja la Kiswahili cha hapa kwetu, juu ya pua ya marehemu. Mchoraji amenipa ruhusa kwa sharti kwamba ile kofia isikosekane. Mwandaaji amefurahi kweli. Ameniomba tu nimtumie mapema tafsiri ya Kifaransa, igawiwe mlangoni, ili watu waelewe.

Sijaituma bado.