Macho ya njano si sababu ya kumnyima mgonjwa wa tezi dawa

Mgonjwa ana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, amekonda ingawa anakula. Macho yake pia ni ya njano, na vipimo vya ini vimerudi vikiwa juu. Je, aanzishiwe leo kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, au lisubiriwe ini litulie?

Wanaosita hawakosi hoja. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitaja visa 32 vya ini kuumia vibaya kwa sababu ya PTU, dawa nyingine ya tezi. Visa 10 vilikuwa vya watoto. Mwaka uliofuata iliiwekea onyo lake kali kabisa. Nao mwongozo wa Marekani wa 2016 unamtaka daktari afikirie upya kuanza dawa hizi iwapo vimeng'enya vya ini vimezidi mara tano ya kikomo cha kawaida.

Lakini huyu hajameza hata kidonge kimoja! Homoni za tezi zikizidi, chembe za ini hudai oksijeni kuliko inayoletwa na damu, na zilizo mbali na mishipa inayoingia huumia kwanza. Moyo ukishindwa, damu hurundikana kwenye ini. Madaktari Burch na Wartofsky, katika mizani yao ya 1993 ya kutambua dhoruba ya tezi, yaani homoni zikizidi hadi kuhatarisha maisha, waliipa manjano isiyo na sababu nyingine alama 20. Zikifika 45, uwezekano wa dhoruba ni mkubwa. Manjano peke yake inakaribia nusu ya safari hiyo. Dalili inayomfanya daktari afungie dawa kabatini ndiyo hasa inayomhimiza aharakishe.

Na akisubiri, ana njia gani nyingine? Iodini ya mionzi huchukua wiki hata miezi kufanya kazi, na upasuaji kabla homoni hazijatulizwa waweza wenyewe kuamsha dhoruba.

Bila shaka homa ya ini B na C zipimwe, na mgonjwa aulizwe kuhusu mitishamba. Muhimu zaidi, ini lipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Vituo vingi huruka hatua hii, kisha wiki sita baadaye fosfatasi, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyopimwa kwa ajili ya ini, ikionekana juu, kabimazoli hulaumiwa na kusimamishwa. Kumbe kimeng'enya hicho hutoka pia kwenye mifupa, na huweza kupanda wakati mifupa inajijenga upya kwa sababu matibabu yamefanya kazi.