Togwa kwenye mizani ya probayotiki

Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, moja la Marekani lenye watoto 971 na jingine la Kanada lenye watoto 886, yalifikia jibu lilelile: mtoto mdogo aliyeletwa hospitalini akiharisha hakupona haraka zaidi kwa kupewa probayotiki, yaani bakteria hai wanaotolewa kwa ajili ya afya, kwa siku 5 kuliko mwenzake aliyepewa unga usio na kitu. Mwaka 2020 chama cha mabingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula wa Marekani kikashauri kwamba watoto wa namna hiyo wasipewe bakteria hao. Tangu hapo imezoeleka kusikia, hata kwa watu wa afya wa huku kwetu, kwamba habari nzima ya bakteria wenye faida ni biashara tu, na kwamba mtindi, uji mchachu na togwa (uji wa nafaka uliotiwa kimea na kuchachushwa) navyo ni mazoea ya wazee yasiyo na ushahidi.

Wenye shaka wana hoja nzito, na sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, waliokutana Córdoba, Argentina, mwaka 2001 waliweka sharti lililo wazi: probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya afya anayevitumia. Kwa hiyo lazima ijulikane ni bakteria gani, ni wangapi, na manufaa yenyewe ni yapi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipoyapima madai ya watengenezaji kwa kipimo cha namna hiyo, karibu yote yaliyohusu bakteria yalianguka; lililosimama ni kwamba bakteria hai wa mtindi humsaidia asiyeweza kusaga sukari ya maziwa. Kopo la mtindi lenye sukari nyingi, lisilotaja aina ya bakteria wala idadi yao, halistahili bei ya ziada linayotozwa kwa sababu ya neno “probayotiki” kwenye lebo.

Tatizo ni pale jibu la swali moja linapofanywa jibu la maswali yote. Majaribio yale yaliuliza kama bakteria humtibu mtoto aliyekwisha kuugua, katika nchi ambako maji ya bomba ni salama na kuhara huisha kwenyewe baada ya siku chache. Katika vijiji vya Odisha, India, watafiti waliuliza swali jingine. Watoto wachanga 4,556 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa kwa siku 7 bakteria aina ya Lactobacillus plantarum pamoja na prebayotiki, yaani aina ya sukari ambayo utumbo wa binadamu hauisagi bali huwa chakula cha bakteria hao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: maambukizi ya damu na vifo vilishuka kutoka asilimia 9.0 hadi 5.4. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu maana yake ni kwamba katika kila watoto 1,000, watoto 36 waliepushwa na maambukizi ya damu au kifo kwa dozi za wiki moja tu. Ni utafiti mmoja, wa aina moja ya bakteria, na hauthibitishi kopo lolote la dukani. Lakini hauwezi kuwekwa kando kwa sababu tu watoto wa Kanada hawakunufaika.

Hapo ndipo ninapoirudia togwa. Uji wa mahindi au mtama hupikwa mzito, kiasi cha mwiko kusimama wenyewe katikati. Hupozwa mpaka kidole kinavumilia joto lake, kisha hutiwa unga wa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Baada ya dakika chache, bila tone la maji kuongezwa, mwiko unaanza kulala. Vimeng'enya vya kimea vimekatakata wanga, na uji ambao mama angelazimika kuuzimua kwa maji ili mtoto aweze kuumeza sasa unanyweka ukiwa na unga wake wote. Ukilala usiku kucha, bakteria wa asidi ya laktiki huuchachusha kiasi kwamba vijidudu vingi vya kuhara hushindwa kuzaana ndani yake. Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania na kuchapishwa miaka ya 1990 na Wilbald Lorri na Ulf Svanberg ulionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache zaidi kuliko wenzao.

Mwenye shaka atasema kwamba huenda kilichofanya kazi ni asidi, wala si bakteria hai, na kwamba kwa ufafanuzi wa Córdoba togwa si probayotiki. Ni kweli, na kwa mama wa mtoto wa miezi 8 tofauti hiyo haina uzito wowote. Yapo maonyo yenye uzito zaidi: kuchachusha hakuondoi sumukuvu iliyomo katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, chombo kichafu hupanda vijidudu vyake, maziwa mabichi yaliyogandishwa bila kuchemshwa yanaweza kubeba homa ya brusela, na mtoto anayeharisha bado anahitaji maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki. Yote haya yanafundishika kliniki kwa muda mfupi.

Wala sidai kwamba maabara haina nafasi. Huko Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, ilionekana kwamba unga wa virutubisho wenye madini ya chuma uliongeza bakteria wabaya katika utumbo wa watoto wachanga. Ulipochanganywa na gramu 7.5 za prebayotiki itokanayo na sukari ya maziwa, madhara hayo yalipungua kwa kiasi kikubwa. Hilo mama asingeligundua jikoni. Nchini Uganda, mradi wa Yoba umechukua bakteria waliochunguzwa kwa miaka mingi, wa ukoo uleule wa waliojaribiwa Marekani, na kuwafanya mbegu ya kugandishia: pakiti ya gramu 1 hutosha lita 100 za maziwa, yanayochemshwa na kugandishwa na wafanyabiashara wadogo, kisha kuuzwa palepale mtaani kwao.